Taa Isiyopepesa

Ilikuwa alasiri ya siku za tanga mbili, majira ambayo pepo kuu za pwani yetu zinaachiana zamu na bahari ya Bagamoyo inalala kama mkeka uliotandikwa, aliponijia barazani mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi ya mjini hapa, mkoba mzito begani, kishikwambi mkononi, na shingoni hedifoni zisizo na waya za namna ile ifunikayo sikio zima, nyeusi, za bei ya kadiri. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani kama ilivyo ada, alizivua akaniwekea mapajani kwa huzuni ya mtu aliyeleta kuku aliyekufa usiku, akasema, "Mzee wangu, hizi zimekwisha. Nikiziwasha zinawaka, lakini nikizitafuta katika kishikwambi hazionekani. Fundi wa sokoni kaniambia ninunue nyingine."

Nilizitazama kabla ya kuzigusa. Pembeni mwa kikombe cha kulia palikuwa na taa ya buluu, ndogo kuliko punje ya mtama, nayo ilikuwa imetulia tuli, haipepesi. Nikamwambia mwalimu kwamba mgonjwa wake hajafa wala haumwi. Kwamba taa isiyopepesa ni ithibati kuwa wakati ule ule tuliokuwa tukizungumza sisi wawili, hedifoni zake nazo zilikuwa katika mazungumzo na mtu wa tatu. Na kwamba kazi yetu ilikuwa kumtafuta mtu huyo yuko wapi.

Kabla sijasema tulimpata wapi, naomba ruhusa ya msomaji nizunguke kidogo, maana shida ya mwalimu huyu naiona kila wiki, na wanaoileta aghalabu ni walimu. Sababu yake iko wazi. Neno kishikwambi lilikuwa geni kwa wengi wetu mpaka Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo makarani walipita nyumba kwa nyumba, toka Mlingotini hata vijiji vya upande wa Saadani, wakitia majibu ya watu katika kioo badala ya karatasi. Na hesabu ilipokamilika, ikapatikana jumla ya watu 61,741,120 Bara na Visiwani, vyombo vile vikagawiwa walimu wa shule za umma viwafae katika kazi ya kufundisha. Basi katika chumba kimoja cha walimu hukutana vishikwambi saba, vinane, kila kimoja na somo lake, kila somo na sauti yake, na mtu yeyote mwenye akili timamu ataona kwamba hapo hapakaliki minghairi ya hedifoni. Vyombo viligawiwa, elimu ya kuvioanisha na vyombo vingine haikugawiwa, na sidhani kama kuna aliyefikiri kwamba inahitajika.

Nusu ya taabu hii imezaliwa na neno moja kushikwa mahali pa jingine. Kishikwambi kikiwekwa katika Kiswahili huandika "Oanisha kifaa kipya", kisha chini yake huorodhesha vifaa, vingine vimeunganishwa na vingine havikuunganishwa. Nao watu husoma kuoanisha na kuunganisha kama ndugu pacha. Kuoanisha, neno lililotokana na kuoana kwa maana ya kulingana na kupatana, ni tendo la mara moja: vyombo viwili visivyojuana vinakutana, vinatambulishana, vinatunga siri moja ya pamoja, na kila kimoja kinaiweka siri ile katika hifadhi yake, isifutike hata chombo kikizimwa na betri ikaisha. Kuunganisha ni tendo la kila siku: vyombo vilivyokwisha kuoanishwa vinaitana, vinahakikishiana kwamba siri ingalipo, na vinaanza kupelekeana sauti. La kwanza ni nikahi. La pili ni kuketi nyumba moja, na kila mtu wa pwani anajua kwamba nikahi yaweza kuwa sahihi kabisa na mume yuko Muskati mwaka wa tatu. Anayebonyeza "Oanisha" kila asubuhi kwa vyombo vilivyokwisha kuoana anamwita kadhi kwa wanandoa wa miaka kumi, ilhali wao walichotaka ni kufunguliwa mlango.

Siku ya nikahi yenyewe hupita mambo haya. Hedifoni zikiwa zimewashwa kwa kawaida tu, hazimjibu mgeni. Hunyamaza na kuwangojea wale zinaowajua. Ili zikubali mgeni, sharti kitufe chake kibanwe na kushikiliwa sekunde kadhaa, mpaka taa ianze kupepesa upesi upesi, mara nyingi nyekundu na buluu kwa zamu, na hapo ndipo mlango unapofunguka. Nacho kishikwambi, mtu anapogusa "Oanisha kifaa kipya", hupiga hodi hewani kuuliza nani yupo, na hedifoni zilizo tayari huitika kwa kutaja anwani yao, ambayo ni namba ya biti 48 iliyotiwa kiwandani, na kutaja kazi yao pia, ndiyo maana huonekana alama ndogo ya hedifoni kando ya jina. Kisha kila upande hutunga funguo mbili, mmoja wa wazi na mmoja wa siri. Hupelekeana ule wa wazi mbele ya hewa yote, na kwa hesabu inayofanywa na kila upande peke yake hupata jawabu moja lile lile, ambalo hata mdukizi aliyezinasa funguo zote mbili za wazi hawezi kulifikia. Katika jawabu hilo hutolewa ufunguo wa pamoja wa biti 128, na huo ndio unaowekwa akibani. Yote haya huchukua muda mfupi kuliko wa kumimina kahawa katika kikombe.

Taratibu hii ililetwa na toleo la 2.1 la Bluetooth mwaka 2007. Kabla yake mtu alitakiwa kuandika tarakimu za siri, na katika hedifoni nyingi siri hiyo ilikuwa sifuri nne, jambo lililojulikana na kila mtoto wa mtaa. Hata hivyo taratibu mpya nayo ina pengo. Simu mbili zikioanishwa huonyesha namba moja ya tarakimu sita juu ya vioo vyote viwili, ili wenyewe wazilinganishe na kuridhika kwamba hakuna aliyejipenyeza katikati. Hedifoni hazina kioo, basi nikahi yao hufungwa bila shahidi, na yeyote aliye karibu wakati mlango u wazi aweza kuingia. Nimepata kuona, katika basi la kutoka Makumbusho kuja huku, tulipokuwa tumekwama kwenye foleni ya Tegeta, spika ya kijana mmoja ikianza ghafla kutoa mawaidha ya shekhe aliyekuwa akisikilizwa na abiria wa kiti cha nyuma, na kijana asijue kama achukie au aitikie amina.

Sasa turudi barazani. Jambo ambalo mwalimu hakulijua, na ambalo vijikaratasi vya maelezo vinavyokuja katika boksi hulisema kwa herufi ndogo au hulinyamazia, ni kwamba hedifoni zina kumbukumbu, tena zina upendeleo. Zikiwashwa, hazikai kungoja. Zenyewe huanza kumwita yule wa mwisho zilizoketi naye, na akiitika, basi zimekwisha kupata. Hedifoni nyingi za bei ya kadiri hukubali msemaji mmoja tu kwa wakati mmoja, na zikiisha kumpata hufunga mlango, hazijitangazi tena, hazijibu hodi ya mwingine; kishikwambi kitazitafuta mpaka magharibi na kisizione, hali ziko juu ya meza sentimita 20 kutoka kwenye kioo chake. Zipo hedifoni ziwezazo kushika wawili kwa pamoja, lakini hata hizo, wawili wakitimia, wa tatu hubaki nje.

Nikamuuliza, "Mwalimu, hizi zimepata kutumika na chombo kingine?"

Akafikiri kidogo. "Mwanangu alizitumia juzi na simu yake. Yuko kidato cha nne."

"Na simu hiyo iko wapi?"

Hapo mwalimu alinitazama, akautazama mkoba wake, akaanza kucheka kabla hajaufungua. Alikuwa amemnyang'anya kijana simu kwa sababu ya mtihani, akaitia humo chini ya madaftari ya kusahihisha ili isionekane nyumbani, na hakuizima. Tuliitoa ikiwa imebakiwa na chaji asilimia 11, na juu ya kioo chake imesimama alama ya hedifoni kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Kila alipokwenda mwalimu, darasani, nyumbani, kwa fundi wa sokoni, mkoba ulikwenda naye, na hedifoni kila zilipowashwa zilimkuta mwenzao hatua moja tu kando yao. Simlaumu fundi yule, kwani naye aliziona zinawaka na hazionekani, na mkoba ulikuwa mezani kwake kama ulivyokuwa mezani kwangu. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutoiuliza taa. Niliizima Bluetooth ya simu ya kijana, nikazizima hedifoni, nikabana kitufe hata taa ikapepesa rangi mbili, kisha nikampa mwalimu mwenyewe aguse kioo. Mambo yakawa.

Kesi hii ilikwisha kwa kicheko, lakini iko ndugu yake iliyo ngumu zaidi, nayo ni ya kusahau kwa upande mmoja. Mtu akiona vyombo havipatani hugusa neno "Sahau" katika kishikwambi, akidhani amevunja kila kitu na sasa ataanza upya. Alichovunja ni nusu. Kishikwambi kimetupa ufunguo wake. Hedifoni bado zinao wa kwao, na kwa hesabu yao ndoa ingalipo. Zipo hedifoni ambazo hukubali kuoa tena juu ya ndoa ile ile bila ugomvi, na zipo ambazo hukataa, ukaja ujumbe kwamba kuoanisha kumeshindikana, jaribu tena. Na mtu hujaribu tena mara kumi kwa namna ile ile. Dawa ni kusahaulisha pande zote mbili: katika kishikwambi kwa neno hilo hilo, na katika hedifoni kwa kubana kitufe kwa muda mrefu zaidi ya ule wa kuoanisha, au vitufe viwili pamoja, kila kiwanda na desturi yake, mpaka taa itoe ishara ya kuwa kumbukumbu imefutwa. Ndipo vyombo vikutane kama wageni halisi.

Zile za vipande viwili, zinazolala katika kasha kama kokwa mbili za korosho, zina jambo jingine tena, kwamba kabla ya kuoana na kishikwambi hutakiwa kuwa zimeoana zenyewe kwa zenyewe, kipande kimoja kikiwa kiongozi. Zikiachana, kwa kuishiwa chaji upande mmoja au kwa kuanguka, kishikwambi huziona kama vyombo viwili mbalimbali, na mtu mwenye haraka huoanisha kimoja, akasikia sikio moja tu, akaoanisha na cha pili, akazidi kuharibu. Avisahau vyote viwili, avirudishe katika kasha, avishikilie mpaka vitambuane, ndipo aende kwenye kioo. Fauka ya hayo, majina. Vile vya bei nafuu vinavyotoka Kariakoo hujiita kwa jina la aina, si la mwenyewe, hata katika chumba kimoja cha walimu mtu akapiga hodi akaitikiwa na i12 tatu, kama anayesimama katikati ya Dunda akaita "Juma!". Mashine hazidanganyiki, kwa sababu zinajuana kwa anwani. Ni sisi tunaodanganyika na majina. Siku ya kuoanisha, kila mtu afungue kasha lake peke yake wakati ya wenziwe yamefungwa, kisha katika kishikwambi akipe kifaa chake jina la kwake.

Nimeulizwa mara nyingi jina hili la Bluetooth lina maana gani, na kwa kuwa ni hadithi fupi nitaipitia mbio. Utafiti wake ulianza katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund nchini Uswidi, na mhandisi mkuu wa mwanzo, Jaap Haartsen, Mholanzi, aliuanza mwaka 1994. Mwaka 1998 makampuni matano, Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, yakaungana kuisimamia. Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel, ambaye alikuwa amesoma habari za Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifika kwa kuunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Na ile alama iliyo mfano wa B yenye ncha ni herufi mbili za kale za jina lake zilizopandishwa pamoja. Meno ya buluu basi ni ya mfalme.

Lililo tajiri zaidi kuliko jina ni namna ya usemi wao. Mawimbi haya hukaa katika masafa ya gigahezi 2.4, uwanja ulioachwa huru karibu dunia nzima, ambamo Wi-Fi nayo imo, na ambamo jiko la maikrowevu hunguruma likipasha wali. Katika soko la namna hii lenye kelele, anayesimama pahali pamoja na kupaza sauti hatasikika. Basi vyombo viwili vilivyoungana hugawa uwanja ule katika vijia 79, na huhama kutoka kijia hadi kijia mara 1,600 kwa sekunde moja, kwa mpangilio unaotokana na anwani na saa ya yule anayeongoza, hata aliye nje ya mazungumzo hajui wataibukia wapi. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 vilijifunza pia kuviepuka vijia vyenye fujo. Wapo wapendao kusema kwamba mama wa hikima hii ni Hedy Lamarr, mcheza sinema wa Hollywood, ambaye mwaka 1942 yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya kuongoza topido kwa redio inayorukaruka katika masafa 88, idadi ya vibonyezo vya piano. Hataza ni ya kweli na akili yake ni ya kusifiwa. Lakini wazo la kuhamahama masafa lilikuwa limepita katika vichwa vya watu kadhaa kabla yao, na kumpa mtu mmoja uzazi wa jambo lenye wazazi wengi ni tabia ya wauza magazeti.

Kuna taathira moja ya mawimbi haya ambayo sikuiamini mpaka nilipoijaribu kwa miguu yangu, na naiandika kwa sababu ni ya pwani hasa. Nguvu inayotumika ni haba, aghalabu miliwati 2.5, ambayo taa ya wati 5 huizidi mara 2,000. Na urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12 na nusu, nusu ya shubiri na ziada kidogo. Wimbi la kadiri hiyo humezwa na maji, na mwili wa insani kwa sehemu kubwa ni maji. Mtu mwenye simu katika mfuko wa nyuma wa kulia na kipokezi katika sikio la kushoto amejiweka mwenyewe kuwa ukuta kati ya vyombo vyake. Akiwa ndani ya nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe na chokaa hataona tabu, kwani ijapokuwa kuta zile nene hulizuia wimbi lisiende chumba cha pili, ndani ya chumba kile kile hulirudisha, likagonga dari, likagonga ukuta, likamzunguka mtu na kulifikia sikio kwa njia ya kando. Lakini atoke, apite soko la samaki, ashuke ufukweni maji yakiwa yametoka, mahali ambapo mbele yake pana mchanga na anga tu hata upeo wa macho, na sauti itaanza kukatikakatika, kwa sababu hakuna tena kitu cha kulirudisha wimbi. Watu hulaumu upepo. Hamisha simu iwe upande wa sikio lile, au mfuko wa kifuani, na upepo utakuwa umepoa.

Upepo una dhambi yake nyingine. Huleta chumvi, na chumvi pamoja na jasho hula vile vidoti vya madini ambavyo kwavyo kipande hugusana na kasha lake wakati wa kupokea chaji. Kipande kisichoguswa sawasawa hakichajiki, kisichochajika hakiwaki, kisichowaka hakioanishiki, na mwenyewe hutumia saa nzima katika menyu za kishikwambi akitafuta kosa lililo katika kasha. Kwa wakaao kandokando ya bahari, toka Kunduchi hata Pangani, ushauri wangu ni kitambaa kikavu kila baada ya siku chache, na kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo ukiuona ukungu wa kijani. Kisiwe na maji, wala kisiwe kisu, maana nimeletewa makasha yaliyokwanguliwa mpaka hayana tena cha kugusana nacho.

Mwalimu wetu alirudi baada ya siku nne na shtaka jipya: hedifoni zinafanya kazi, lakini akisikiliza taarabu sauti ni tamu, na akiingia katika mkutano wa walimu wa mtandaoni kila kitu kinageuka kama redio ya ng'ambo wakati wa vita. Nilimwambia kwamba amesikia sawasawa. Vyombo hivi vina njia mbili za sauti. Ya muziki ni ya upande mmoja, kutoka kishikwambi kwenda sikioni, na kwa kuwa haina haja ya kurudi huchukua nafasi yote, kwa sampuli 44,100 za sauti katika kila sekunde, masikio yote mawili. Ya maongezi ni ya kwenda na kurudi, kwa sababu kipaza sauti cha hedifoni nacho kinataka kusikika. Nafasi ile ile hugawanywa, sauti hubanwa hadi sampuli 8,000, au 16,000 kwa vyombo vya karibuni, na masikio mawili hupewa kitu kimoja. Programu ya mkutano ikiomba kipaza sauti tu, hata kama husemi neno, njia hubadilika. Ukitaka kusikiliza vizuri mkutanoni, iambie programu itumie kipaza sauti cha kishikwambi chenyewe na hedifoni ziachwe zisikilize. Hilo mwalimu alilijaribu pale pale.

Mimi ufundi niliujifunzia katika redio za mbao zenye valvu, zama ambazo redio moja iliwekwa barazani na mtaa mzima ukaisikiliza, na waliotutangulia walisimuliana jinsi walivyoanza kuisikia Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951. Sina malalamiko juu ya hedifoni. Mtu anayesahihisha madaftari 60 ana haki ya faragha ya masikio. Nimependezwa lakini kusoma kwamba tangu mwaka 2022 iko namna mpya ya Bluetooth, iitwayo Auracast, ambayo chombo kimoja hurusha sauti kwa hedifoni zote zilizo karibu zinazotaka kuipokea, bila nikahi na mmoja mmoja. Baada ya kupita njia ndefu, wahandisi wamerudi barazani.

Kesi ya mwisho ndiyo niliyoipenda, nayo haikuwa ya mwalimu. Mji wetu una TaSUBa, ambayo wakazi bado wanaiita Chuo cha Sanaa, jina lake tangu ilipoanzishwa mwaka 1981 hata ilipogeuzwa kuwa wakala mwaka 2007, na kwa ajili hiyo vijana wa ngoma hawatupungukii. Mmoja wao alikuja na kishikwambi chake mwenyewe na vipokezi vipya, vimeoanishwa sawasawa, taa sawasawa, sauti sawasawa. Alikuwa akijiandaa kwa tamasha, akipiga ngoma huku akisikiliza mdundo wa mfano masikioni, na kishikwambi kikimrekodi; akirudia kusikiliza, mkono wake uko nyuma ya mdundo, siku zote, kwa kadiri ile ile. Alikuwa ameanza kuushuku mkono.

Nilimweleza kwamba sauti, kabla ya kuruka hewani, hubanwa na kufungwa vifurushi, vifurushi hupangwa foleni ili kimoja kikipotea kuwe na wakati wa kukituma tena, kisha sikioni hufunguliwa. Na katika vyombo vya kawaida safari hiyo hufika sehemu ya tano ya sekunde, pengine zaidi. Katika sinema hatuoni, kwa kuwa programu huichelewesha picha kusudi iingojee sauti. Katika ngoma hakuna wa kungoja. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja hushika nusu sekunde, na kuchelewa sehemu ya tano ni karibu nusu ya pigo. Akanitazama kama asiyeridhika, basi nikaliweka kwa njia nyingine: sauti ya kawaida katika hewa huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kuambiwa umfuatishe mpigaji aliyesimama ufukweni mita 68 mbali nawe, ukimsikia tu, humwoni mkono.

"Na nikizioanisha upya?"

"Zimeoana vizuri, mwanangu. Hiyo ndiyo tabia yao."

Kishikwambi chake kilikuwa na tundu la waya ubavuni, limejaa vumbi kwa kutotumika. Nikalipuliza, nikamtolea katika mtoto wa meza hedifoni zangu za zamani zenye waya uliofungwa gundi mahali pawili. Alizivaa, akaweka kishikwambi juu ya benchi, akaanza kupiga ukingo wa ubao kwa vidole, kwanza taratibu, kisha kwa mkono mzima. Alipomaliza alijisikiliza, akapiga tena, akajisikiliza tena, mara tatu, hasemi neno. Halafu akaniuliza waya ule ni shilingi ngapi, nami nikamwambia aende nao, atanirudishia tamasha likipita.